Kioko kwenye Kituo cha Kwanza

Jumapili ya kwanza ya Oktoba mwaka 2007 Jemimah aliamka saa kumi na moja alfajiri, akasukuma chapati thelathini juu ya meza ya chumba chao cha mtaa wa Dengfeng, Guangzhou, akazipika, akazifunga kwa taulo na kujaza chai ya maziwa katika thermosi mbili. Wachezaji walikuwa tisa, kila mmoja chapati tatu. Mbili zilikuwa zake. Iliyobaki ilikuwa ya mwamuzi, kwa sababu kaka yake alisema mwamuzi naye ni mtu aliyeamka mapema.

Kaka yake aliitwa Kioko. Walikuwa na miaka mitano Guangzhou na ofisi ya meza mbili katika jengo la Tianxiu, wakisafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Nairobi: viatu, mabegi ya shule, sufuria, nywele za kusuka. Kioko alipima na kufunga. Jemimah alishika karatasi na simu.

Besiboli iliwajia kupitia mizigo hiyo. Nje ya mji kulikuwa na kiwanda cha kushona glavu za mchezo huo, na mwenyewe aliitwa Liang, ingawa watu wote walimwita laoban, kama kila tajiri mwenye duka au kiwanda katika mji ule. Liang alikuwa ametengeneza uwanja nyuma ya kiwanda na kuanzisha ligi ya Jumapili. Timu zilikuwa tano: mafundi wake, Wajapani wa kiwanda cha jirani, Wataiwani, na mbili za walimu wa Kiingereza kutoka Marekani na Kanada. Tano haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo kila Jumapili timu moja ilikaa bure, na Liang hakupenda kuona kitu kimekaa bure. Siku moja Kioko alipokwenda kuchukua mzigo, Liang alimwambia alete watu tisa.

Kioko alileta tisa, yeye akiwemo. Wanne walikuwa Wakenya, watano Wakongomani, na hakuna aliyewahi kushika gongo. Bonaventure, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu, alidhani glavu huvaliwa miguuni wakati wa baridi. Lakini mchezo si mgumu kueleweka. Mtu mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, akiupiga anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anarudi alikoanzia, na hapo timu yake inapata alama. Akiupiga ukavuka uzio, anazunguka vituo vyote taratibu na hakuna wa kumzuia.

Kioko aliupiga vizuri tangu mwezi wa kwanza. Kwao Kyuso, nchini Kenya, tangu akiwa na miaka sita hadi kumi na minne, alikaa juu ya dungu katikati ya mtama akiamia ndege. Kwelea hushuka kwa maelfu, na mwenye kombeo lazima ajue kundi litageukia wapi kabla lenyewe halijajua. Miaka minane alitazama vitu vinavyokuja angani. Huku Guangzhou, kila Alhamisi jioni, Bonaventure alimrushia machungwa yaliyovingirishwa selotepu za kufungia mizigo, mia mbili kwa jioni moja, mpaka mlinzi wa ghala alipozima taa.

Kila Jumanne taarifa ya ligi ilibandikwa kwenye ubao wa lango la uwanja. Aliyeiandika alikuwa Bwana Whitcomb, mkuu wa shule ya lugha na katibu wa kamati. Kioko alipopiga vizuri, Bwana Whitcomb aliandika kwamba ana nguvu za kuzaliwa. Mwalimu mmoja Mmarekani, kijana mweupe aitwaye Kyle, alipopiga vizuri, taarifa ilisema ana akili ya mchezo na ni matunda ya bidii. Kyle hakuwahi kufanya mazoezi. Alikuja Jumapili na miwani ya jua na chupa kubwa ya maji, akakaa kivulini mpaka zamu yake. Alikuwa mtu mwema, na alizipenda chapati za Jemimah.

Jumapili hiyo ya Oktoba, saa nne na dakika kumi, Kioko aliupiga mpira uliorushwa na Kyle. Ulilia kama ubao unaovunjika. Ukapanda, ukafika karibu na uzio wa nyuma, juu kuliko paa la kiwanda, ukasimama hapo.

Haukushuka.

Mchezaji aliyekuwa chini yake alinyoosha glavu na kungoja. Baada ya dakika kumi aliishusha kwa sababu mkono ulimchoka. Baada ya robo saa alikaa kwenye nyasi. Kioko alikuwa amekwisha kuzunguka vituo vyote na kurudi, na wenzake walikuwa wamekwisha kumpiga mabegani. Mwamuzi, mzee wa Kitaiwani aliyeitwa Ko, alifungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

"Kanuni ya kumi na nne," alisema. "Mpira uliopigwa unaamuliwa pale unapoanguka. Huu haujaanguka. Mpigaji arudi kituo cha kwanza angoje."

Kioko alirudi kituo cha kwanza. Kilikuwa mfuko mweupe wa turubai uliojazwa sponji, ukubwa wa mto wa kulalia. Aliweka mguu juu yake na kungoja. Mchezo uliendelea kwa mpira mwingine. Jioni Ko alimruhusu aende kulala, ila alimkumbusha kwamba kikanuni bado yuko kituo cha kwanza.

Jumanne taarifa ilisema hivi: "Bw. Kioko alisimama akitazama mpira wake badala ya kukimbia mara moja. Ligi inawakumbusha wachezaji kwamba majivuno hayana nafasi katika mchezo huu. Suala la mpira wenyewe limeahirishwa mpaka utakapotua."

"Ulisimama?" Jemimah alimwuliza.

"Nilisimama kidogo. Wewe ungepiga kitu kikabaki juu, si ungeangalia?"

Kwa kuwa mtu aliye kituoni hawezi kuwa mpigaji tena, Kioko hakupiga mpira wowote baada ya hapo. Kila Jumapili alivaa jezi, akaenda kituo cha kwanza, akaweka mguu juu ya mfuko na kusimama mpaka jioni. Wenzake walipofika hapo walisimama wawili wawili, kama watu wanaongoja dirisha la benki. Mpira ulikuwa juu pale pale. Desemba mbayuwayu mmoja alizoea kutua juu yake. Mvua iliponyesha uliloana, jua lilipotoka ulikauka, na mafundi wa kiwanda waliutumia kujua saa, maana kivuli chake kilifika kwenye bomba la maji saa sita kamili.

Januari taarifa iliandika kwamba Bw. Kioko, ambaye mwanzoni alionyesha matumaini, amekuwa mvivu na siku hizi anasimama tu.

Jumapili moja ya Machi 2008, Kyle naye aliupiga mpira, na wa kwake pia ukabaki hewani. Ulikuwa chini kuliko wa Kioko, kiasi cha ghorofa mbili, na ulining'inia upande wa kushoto, karibu sana na mstari wa mpaka. Kyle alivua miwani, akautazama kwa muda mrefu. Alitabasamu. Kisha akazunguka vituo kwa kutembea. Alipopita kituo cha kwanza alimgusa Kioko begani.

Kamati iliketi mchana huo huo. Wanakamati walikuwa watatu, Liang, Bwana Whitcomb na mwamuzi Ko. Hawakuchukua hata nusu saa. Jumanne taarifa ilisema kwamba mpira usioshuka, kwa mantiki ya kawaida, umevuka kila uzio, kwa hiyo Kyle amepata pigo kamili. Ilimsifu kwa utulivu wake pale aliposimama kuutazama, kama mtu anayeiheshimu kazi yake. Wiki iliyofuata ubao wa mninga ulipigiliwa langoni wenye jina lake kwa rangi ya dhahabu: mpigaji wa kwanza katika historia ya ligi ambaye mpira wake haukushuka.

Bonaventure aliusoma mara mbili, mikono mgongoni.

"Mon frère, ndugu yangu," alisema, "hapa banaandika *wa kwanza*. Wako ulipanda mwezi ya kumi. Ama kalendari ya hapa inaanzia Machi?"

"Wangu bado unaamuliwa," Kioko alisema.

"Unaamuliwa! Mipira iko miwili, yote iko meupe, yote iko kule juu. Ni sisi benyewe tu ndiyo hatufanane."

Kioko alicheka. Alikunywa chai yake, akafuta mdomo, akaenda kusimama mahali pake.

Siku ya kumi na tisa ya Aprili, Jumamosi, wakiwa ghalani wanapima viatu, Kioko alishika ubavu wa kushoto. Alisema, "Jemimah, hebu andika hiyo, kilo sitini na mbili." Kisha akakaa juu ya gunia, na hakuinuka tena. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Watu wa Dengfeng na wa Tianxiu walichanga, Wakongomani waliimba usiku mzima katika chumba cha juu cha mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu, na jeneza lilisafirishwa kwenda Kenya. Jemimah hakusafiri nalo. Kontena tatu za wateja zilikuwa njiani kwa jina la Kioko na hakuna mwingine aliyezijua karatasi zake. Aliyelisindikiza jeneza alikuwa Odhiambo, mchezaji mwenzao. Jemimah alisikiliza mazishi ya kaka yake kwa simu, akiwa amekaa kwenye ngazi, mpaka kadi ya simu ilipokwisha katikati ya sala.

Jumapili iliyofuata mazishi timu haikuwa na nia ya kucheza, ila hakuna aliyetaka kubaki chumbani. Jemimah alipika chapati thelathini kwa mazoea. Walipofika uwanjani Kioko alikuwa kituo cha kwanza. Amevaa jezi, mguu wa kushoto juu ya mfuko, mikono kiunoni. Bonaventure alimpa mkono, Kioko akautikisa. Mkono ulikuwa baridi kidogo kama chuma cha dirisha. Jemimah alimpelekea chai, Kioko akakishika kikombe mpaka ikapoa, lakini hakuinywa.

"Tumekuzika Jumatano," Jemimah alimwambia.

"Nimesikia. Watu walikuwa wengi?"

"Odhiambo anasema walijaa mpaka barabarani."

"Vizuri."

"Sasa huku unafanya nini?"

"Niliambiwa ningoje," Kioko alisema. "Nikitoa mguu watasema nimetoka mwenyewe."

Mwamuzi Ko alikuja, akamtazama, akatazama juu, akafungua kitabu. Kanuni hazikusema kitu juu ya mchezaji aliyefariki akiwa kituoni. Aliruhusu mchezo uanze.

Simu ya Mama ilikuja wiki ya pili. Alikuwa ameazima simu ya jirani yake, Ndunge, na alizungumza kwa sauti ya juu kama mtu anayeita ng'ambo ya korongo.

"Jemimah, hili kaburi lina nini? Nikilikanyaga pembeni linalia kama kibuyu kitupu."

"Labda udongo haujashikana, Mama."

"Mimi nimezika watu wangapi? Udongo naujua. Sanduku tumelizika, lakini mtoto hajafika. Yuko wapi?"

"Yuko huku. Aliambiwa angoje."

"Na nani?"

"Na mwamuzi wa mchezo."

Kuku walisikika nyuma ya Mama.

"Huyo mwamuzi ana mama?" aliuliza. "Mwambie akuamulie, umlete ndugu yako nyumbani."

Jemimah aliandika ombi lake siku hiyo hiyo, kwa mwandiko wa karatasi za forodha, ambao hauna mkunjo wowote. Aliomba jambo moja, kwamba mpira wa Kioko uamuliwe kwa kanuni iliyoamua ule wa Kyle. Alipeleka nakala tatu, moja kwa kila mwanakamati. Visa yake ilikuwa inaisha tarehe kumi na nne Julai. Mwaka ule wa Olimpiki visa zilikuwa ngumu. Watu wengi wa Dengfeng walikwenda kuomba miezi sita wakapewa siku thelathini, wakarudi kuomba tena wakapewa pasipoti yao peke yake. Kwa hiyo alijua hesabu ya Jumapili zake. Zilikuwa kumi.

Bwana Whitcomb alimpokea vizuri. Alimkalisha kwenye kiti chenye mto, akasema kifo kile kimemuuma, kwamba ni nadra kuona kipaji cha asili namna ile.

"Alifanya mazoezi kila Alhamisi," Jemimah alisema.

"Ndiyo, ndiyo. Mwili wa namna ile lakini, mtu huzaliwa nao." Kisha akaeleza kwamba hawezi kuharakisha mambo. Mpira wa Kyle uliamuliwa kwa sababu ulikuwa wazi. Wa Kioko ulikuwa na suala la nidhamu ndani yake.

Liang alimpa chai katika kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa. Alikuwa amempenda Kioko na alisema hivyo. Alijaza kikombe mara tatu. Mwisho alifungua viganja vyake viwili mezani na kusema neno ambalo Jemimah alikuwa amelisikia katika kila ofisi ya mji ule kwa miaka mitano: "Mei banfa." Hakuna la kufanya. Walimu wale ndio walionunua glavu zake kwa shule zao, na hakutaka Jumapili iwe na maneno.

Jemimah alimfuata Kyle kivulini. Kyle alisimama, akamwachia kiti.

"Ungewaambia," Jemimah alisema. "Wewe watakusikiliza."

"Ningependa sana," Kyle alisema, na ilionekana anasema kweli. "Ila si wake haujashuka bado?"

"Na wako?"

Kyle alitazama juu. Mipira yote miwili ilikuwa pale, mmoja kushoto, mmoja mbali na juu zaidi. Aliitazama kwa muda, mmoja na kisha mwingine, kama mtu anayelinganisha bei.

"Wangu ni tofauti," alisema. "Wangu ulishaamuliwa."

Mwisho wa Mei mvua kubwa ilinyesha siku nne mfululizo, na siku ya tano mpira wa Kyle ulianguka. Ulianguka nje ya mstari wa kushoto, ndani ya mtaro wa maji machafu ya kiwanda. Kwa kanuni ya kumi na nne, pigo la namna hiyo si pigo kabisa. Mwamuzi Ko aliuokota mpira kwa fimbo, akaufuta kwa gazeti. Kamati iliketi. Taarifa ya Jumanne ilisema kwamba ubao wa heshima umekwisha kupakwa rangi, na uamuzi uliofanywa kwa nia njema haurudishwi nyuma na hali ya hewa. Kuhusu ombi la Bi. Jemimah, kamati inaendelea kusubiri mpira utue.

Mpira wa Kioko ulikuwa juu pale pale. Mbayuwayu alikuwa amemaliza kulea watoto watatu.

Juni ikapita. Kila Jumapili Jemimah alipeleka chai, Kioko akaishika mpaka ikapoa. Kila Jumamosi Mama alipiga simu na kusema kaburi bado linalia. Jumamosi ya mwisho aliongeza habari nyingine.

Jumapili ya mwisho ilikuwa tarehe kumi na tatu Julai. Joto lilikuwa limelala juu ya uwanja kama blanketi lililoloa. Jemimah alikuwa ameuza meza, ameacha funguo kwa Bonaventure, na begi lake lilikuwa limefungwa. Hakupika chapati. Alitembea moja kwa moja mpaka kituo cha kwanza, mchezo ukiwa unaendelea, na hakuna aliyemzuia kwa sababu watu walikuwa wamemzoea.

"Naondoka kesho," alisema. "Hawataamua."

"Pengine wiki ijayo."

"Kioko. Hawataamua."

Kioko alitazama mguu wake juu ya mfuko. Turubai ilikuwa imechakaa mahali pa kidole gumba. Alikuwa amesimama hapo miezi tisa, akiwa hai sita na ushee, na iliyobaki akiwa vile alivyokuwa.

"Mama anasemaje?" aliuliza.

"Mtama umekaribia kuiva. Kwelea wamefika."

"Wengi?"

"Anasema asubuhi walipoinuka kwa Ndunge jua lilififia."

"Na nani yuko kwenye dungu?"

"Mama."

"Peke yake?"

"Na nani mwingine? Amepanda yeye, na magoti yale. Anapiga debe. Anasema kombeo linamshinda, bega halifiki nyuma tena. Wameshakula upande wote wa mtoni."

Nyuma yao mrushaji alirusha, mpigaji akakosa. Kioko alitazama juu, kwenye mpira wake, kwa muda ule ule mfupi alioutazama siku aliyoupiga. Kisha akatoa mguu kwenye mfuko, akauweka chini kwenye udongo, akatoa na wa pili.

Mwamuzi Ko aliona. Alikuwa mwamuzi mzuri na macho yake hayakupitwa na kitu kwenye vituo. Alinyoosha ngumi juu.

"Ametoka kituoni," alisema. "Nje."

Timu ya walimu ilipiga makofi, kwa kuwa hilo lilimaliza zamu. Bonaventure alivua kofia.

"Quand même, hata hivyo," alimwambia Kioko alipopita. "Umesimama vizuri, ndugu yangu. Salimia mama."

"Alhamisi usiache machungwa," Kioko alisema.

Walitoka langoni, dada mbele, kaka nyuma. Mpira uliwafuata. Ulipita juu ya uzio wa nyuma bila kuugusa, ukashika juu ya barabara, na katika teksi Jemimah aliuona kupitia kioo, ukisimama kwenye taa nyekundu kama magari mengine. Ndegeni ulikuwa upande wa kushoto wa bawa mpaka Bangkok, na baada ya Bangkok upande wa kulia. Kioko alisimama kwenye ujia mpaka mhudumu alipomwonyesha kiti kilichokuwa wazi.

Nairobi, ofisa wa forodha alipekua begi la Jemimah, akaridhika, kisha akainua kidevu kuelekea dirishani.

"Na hiyo ya nje huko juu?"

"Ni ya ndugu yangu."

"Ni mpya ama ni mtumba?"

"Imepigwa mara moja."

"Na yeye ako wapi?"

Kioko alikuwa nyuma ya mstari wa njano, mikono kiunoni, akingoja aambiwe.

"Si apite," ofisa alisema. "Anangoja nini?"

Walifika Kyuso siku ya pili mchana. Mama alikuwa juu ya dungu na debe lake. Aliposhuka, Kioko alimshika mkono kwenye ngazi ya miti, na Mama akasema mkono wake umekuwa baridi, na kwamba amekonda. Alimwuliza kama amekula. Kioko alisema hana njaa. Alitembea mpaka kaburini nyuma ya nyumba, akavua viatu vya mchezo, akavipanga kando kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akaingia. Mama alisubiri kidogo. Kisha akakanyaga pembeni mwa kaburi, mara moja, mara mbili. Lilikuwa zito.

Mpira ulibaki juu ya mtama, urefu wa madungu mawili. Kwelea walikuja asubuhi kutoka mtoni, wakauona, wakageuka wote pamoja kama shuka inayokung'utwa, wakashukia mashamba mengine. Siku ya tatu Ndunge alikuja kuuliza, kwa heshima, kama inawezekana usogezwe kidogo upande wa mashariki. Mama alisema ataongea na mwenyewe. Kesho yake ulikuwa umesogea hatua thelathini, ukafunika mashamba yote mawili.

Barua ya ligi ilifika Septemba, kupitia sanduku la posta la shule. Iliandikwa na Bwana Whitcomb kwenye karatasi nzuri. Jemimah alimsomea Mama wakiwa uani, wanapura mtama. Kamati ilikuwa inatoa pole kwa mara nyingine kwa kumpoteza mchezaji aliyejaliwa mwili wa pekee. Ilisikitika kwamba, baada ya kamati kuvumilia muda wote ule, aliondoka kituoni bila ruhusa, jambo ambalo halikuwashangaza waliofuatilia nidhamu yake, na kwa hiyo ameandikwa kuwa alitolewa. Aidha, mpira uliochukuliwa uwanjani siku hiyo ni mali ya ligi, na familia inaombwa kuurudisha. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya lango la uwanja, kuonyesha anwani ilipo. Ubao wa Kyle ulionekana vizuri.

Mama aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka upande, punje zikarudi kwenye ungo.

"Wanasema aliupiga nani?" aliuliza.

Jemimah aliisoma barua tena, kutoka juu mpaka chini.

"Hawasemi. Wanasema ni wao."

Mama alikinga macho kwa mkono, akatazama juu ya shamba.

"Basi waje wautungue," alisema, akachota mtama mwingine.

Jemimah aliikunja barua, akaiweka ndani ya kiatu cha kushoto cha Kioko, ambacho kilikuwa bado kando ya kaburi na hakikuwa kimeingia maji. Jumapili hiyo kule Guangzhou mchezo ulianza saa nne kama kawaida. Kituo cha kwanza kilikuwa na mfuko mpya, na ule ubao wa langoni ulikuwa umepakwa vanishi, ili mvua isiharibu jina.